Mayai Yanayolala: Historia ya Uchunguzi wa Gegereka Wadogo wa Maji

Gegereka, yaani jamii kubwa ya wanyama wenye gamba na miguu ya viungo ambamo wamo kaa, kamba na uduvi, wana pia matawi ya viumbe wadogo mno ambao maisha yao hupita katika maji yasiyodumu: madimbwi ya mvua, mabwawa yanayoganda wakati wa baridi kali, na maziwa ya chumvi ambayo hupungua kila kiangazi. Mnyama mmojammoja huishi wiki chache, au miezi michache akibahatika, na maji yanapokauka hufa pamoja na wenzake wote. Kinachobaki ni yai. Kabla ya hali kuharibika jike hutaga mayai yenye ganda nene, ambayo ndani yake kiinitete huwa kimeanza kukua kisha kikasimama, na mayai hayo, ambayo wataalamu huyaita sisti, huweza kukaa makavu kwa miaka mingi, yakapeperushwa na upepo au kufukiwa na matope, na bado yakaangua yanapolowa tena. Safari ya kuyaelewa ilikuwa ndefu, na ina sifa moja ambayo mwanahistoria hawezi kuipuuza, kwamba karibu kila hatua yake ilianzia mikononi mwa watu walioshika chumvi, matope au vumbi kwa haja zao nyingine, huku wanazuoni wakifuata nyuma, wakati mwingine wakiwa wamechelewa na wakati mwingine wakiwa wamekosea kabisa.

Kumbukumbu ya kale zaidi inayohusishwa na mmoja wa wanyama hawa imo katika kitabu cha jiografia kiitwacho Hudud al-Alam, kilichotungwa kwa Kiajemi mwaka 982, ambamo mwandishi asiyejulikana jina anataja kiumbe wa Ziwa Urmia, ziwa la chumvi lililoko kaskazini-magharibi ya Irani. Baada ya hapo maandishi yananyamaza kwa muda mrefu, hadi mwaka 1755, tabibu wa Kiholanzi Johannes Albertus Schlosser alipoandika barua kuhusu wadudu wadogo wekundu aliowaona katika majaruba ya chumvi ya Lymington, kusini mwa Uingereza, na kuambatanisha michoro iliyoonyesha dume na jike. Miaka mitatu baadaye Linnaeus alimpa mnyama huyo jina la Cancer salinus, akimweka katika kundi moja na kaa, na mwaka 1819 Mwingereza William Elford Leach akamtengea jenasi yake, Artemia, jina ambalo limedumu hadi leo. Mnyama aliyekomaa huonekana bila hadubini: ana urefu wa takriban sentimita moja, huogelea chali, na jozi zake 11 za miguu humtumikia kwa kuogelea, kupumua na kuchuja chakula kwa wakati mmoja.

Wafanyakazi wa Lymington walimjua zamani. Kwa mujibu wa maelezo ya Thomas Rackett, yaliyochapishwa mwanzoni mwa karne ya 19, wafanyakazi hao waliamini kwamba viumbe hawa ndio wanaosafisha maji ya chumvi kabla ya kuchemshwa, na jaruba lililowakosa waliliwekea wachache kutoka jaruba jingine, wakaongezeka kwa siku chache tu. Imani hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa Artemia huchuja mwani na takataka ndogondogo, na maji yaliyochujwa hutoa chumvi safi zaidi. Wenye viwanda vya chumvi wa siku hizi hulitambua jambo hilo na hulilipia. Majaruba ya mwisho ya Lymington yalifungwa mwaka 1865, na pamoja nayo mnyama huyo akatoweka Uingereza. Upande wa Ufaransa, Nicolas Joly alichapisha mwaka 1840 utafiti juu ya Artemia wa majaruba ya pwani ya Mediterania, akimwondolea lawama ya kuyatia maji rangi nyekundu, rangi ambayo hasa hutokana na mwani. Lakini jambo kubwa zaidi alilolishuhudia ni kwamba, tofauti na Schlosser, hakuona dume hata mmoja. Suala la wanyama wanaozaa bila madume lilikuwa bado halina jibu, na lilibaki hivyo kwa miaka 30 mingine.

Wakati huohuo, katika maji matamu, fumbo lingine lilikuwa likichunguzwa bila mtu kujua kwamba ni fumbo lilelile. Viroboto-maji, yaani Daphnia na jamaa zake, ni gegereka wa milimita moja au chache ambao hurukaruka majini kwa kupiga papasi zao zilizogawanyika kama matawi, na ambao Mholanzi Jan Swammerdam alikwisha kuwachora tangu mwaka 1669. Watazamaji waliona kwamba baadhi ya majike, hasa kuelekea mwisho wa msimu, huota mgongoni kitu cheusi chenye umbo la tandiko la farasi. Mdenmark Otto Friedrich Müller, ambaye kitabu chake cha mwaka 1785 ndicho kilichoweka msingi wa elimu ya gegereka hawa, alikiita kwa neno la kale la tandiko, efipio, bila kufahamu kazi yake. Na Louis Jurine wa Geneva, katika kitabu kilichotoka mwaka 1820, alikichukulia kuwa ni dalili ya ugonjwa. Kosa hilo linasameheka. Jike mwenye efipio huacha kuzaa watoto wa kawaida, rangi yake hubadilika, na mara nyingi humfuata kifo cha kundi zima. Daktari yeyote wa zama zile angeona maradhi mahali ambapo kulikuwa na maandalizi.

Aliyelipa jambo hilo maelezo ya kuridhisha ni John Lubbock, kijana Mwingereza aliyekuwa jirani ya Charles Darwin kijijini Downe, katika makala aliyoitoa mwaka 1857 mbele ya Chama cha Kifalme cha London. Lubbock alionyesha kwamba Daphnia ana njia mbili za uzazi. Kwa njia ya kwanza, mayai laini huingia katika kifuko cha mgongoni na kukua humo hadi watoto kutoka wakiwa hai, bila dume kuhitajika. Kwa njia ya pili, mayai mawili makubwa, ambayo kwa kawaida huhitaji mbegu ya dume, hufungwa ndani ya efipio, ambayo si kitu kingine ila ni sehemu ya gamba la mama iliyokuwa nene na ngumu. Mama anapojivua gamba, efipio hujitenga, ikaelea au ikazama, na kukaa hadi msimu mwingine. Mnyama mmoja, kwa hiyo, alikuwa na mayai ya haraka na mayai ya subira, na ni hali ya bwawa, siyo aina ya mnyama, iliyoelekea kuamua ni yapi yatagwe.

Mayai ya subira yana faida ambayo msafiri aliiona kabla ya mtaalamu, kwamba huweza kubebwa ndani ya bahasha. Mwaka 1859 William Baird wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alieleza spishi kadhaa za gegereka wa Yerusalemu ambao walianguliwa huko Uingereza, kutokana na matope makavu ya bwawa la Gihon yaliyoletwa na kutiwa maji. Mmoja wao, Daphnia atkinsoni, bado anaitwa kwa jina alilompa. Jambo hilo lingebaki kioja kama lisingeangukia mikononi mwa Georg Ossian Sars.

Sars, aliyezaliwa mwaka 1837 katika pwani ya magharibi ya Norwei, alikuwa mtoto wa kasisi aliyegeuka kuwa mwanazuoni wa wanyama wa bahari, na mwenyewe alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Christiania, mji ambao leo unaitwa Oslo. Tayari alikuwa amejipatia sifa katika miaka ya 1860 kwa kugundua, kwenye uvuvi wa Lofoten, kwamba mayai ya samaki wanaovuliwa huko huelea majini badala ya kulala chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Mnorwei mwenzake, mpelelezi Carl Lumholtz, alikuwa akisafiri Queensland, kaskazini-mashariki mwa Australia, na kutoka kwenye wangwa wa maji matamu wa Gracemere, karibu na mji wa Rockhampton, matope yaliyokaushwa yakapelekwa Christiania. Sars aliyaweka katika vyombo vya kioo, akayatia maji, akangoja. Baada ya siku kadhaa vyombo vilianza kuchangamka kwa wanyama ambao hakuna mtu wa Ulaya aliyewahi kuwaona wakiwa hai, na mwaka 1885 akatoa kitabu kidogo juu ya viroboto-maji wa Australia waliokuzwa kutokana na matope makavu.

Thamani ya njia hiyo haikuwa katika upya wake tu. Wataalamu wa makumbusho walizoea kupokea chupa za pombe zenye vielelezo vilivyokunjamana na kupoteza rangi, ambavyo havikuweza kusema lolote kuhusu mwendo, ulaji wala uzazi. Sars, ambaye alikuwa mchoraji hodari kupita wote wa fani yake, aliweza kuchora mnyama yuleyule akiwa mtoto, akiwa jike mwenye mimba, na akiwa ametaga mayai ya kulala, kisha akavikausha vyombo na kuanza upya mwaka uliofuata. Kwa njia hiyo alichapisha kazi juu ya Afrika ya Kusini mwaka 1895 na 1898, juu ya Amerika ya Kusini mwaka 1901, na juu ya nchi nyinginezo, bila mwenyewe kutia mguu katika mengi ya madimbwi aliyoyaeleza. Alipoandika ripoti yake ya mwaka 1909 juu ya kopepodi, gegereka wadogo wenye umbo la tone, waliokusanywa Ziwa Tanganyika na W. A. Cunnington mwaka 1904 na 1905, alirudi kwenye vielelezo vya chupa, kwa sababu maziwa makuu hayakauki.

Mmoja wa wanyama wa Gracemere, mwenye mwiba mrefu kichwani na mwingine mkiani, Sars alimpa jina la Daphnia lumholtzi kwa heshima ya Lumholtz, na baadaye ikafahamika kwamba makazi yake ya asili ni mapana, yakiwemo maji mengi ya Afrika Mashariki. Zaidi ya miaka 100 baada ya kuelezwa, mnyama huyohuyo alionekana katika mabwawa ya Texas, nchini Marekani, kisha akaenea kwa kasi katika majimbo ya jirani. Dhana inayotajwa mara nyingi ni kwamba alisafiri pamoja na samaki walioletwa kupandikizwa huko katika miaka ya 1980, wakiwemo sangara wa Ziwa Victoria. Kama ndivyo, basi sangara, ambaye naye ni mgeni aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, alimbeba mwenyeji wa ziwa hilo hadi ng'ambo ya Atlantiki.

Wakati Sars akiangua matope, Artemia alikuwa ameingizwa katika ugomvi mkubwa zaidi wa karne ile, ule wa mageuko. Mtaalamu wa Odessa, Vladimir Schmankewitsch, alikuwa akichunguza ghuba ya chumvi ya Kuyalnik, karibu na Bahari Nyeusi, ambako mwaka 1871 boma lililotenganisha sehemu mbili za maji lilibomoka na chumvi ikapungua ghafla. Boma lilipojengwa upya na maji yakazidi kuwa makali mwaka hadi mwaka, aliona mikia ya Artemia ikifupika na kupoteza vinyweleo vyake kizazi baada ya kizazi, mpaka wanyama wakafanana na kile kilichohesabiwa kuwa spishi nyingine; na alipopunguza chumvi katika vyombo vyake alidai kwamba wanaelekea kuwa Branchipus, jenasi tofauti kabisa ya maji matamu. Makala zake za mwaka 1875 na 1877 zilisomwa kote Ulaya kama ushahidi wa macho kwamba mazingira hugeuza spishi moja kuwa nyingine.

William Bateson wa Cambridge alizichukulia habari hizo kwa uzito wa kutosha hata akasafiri mwaka 1886 hadi nyika za Asia ya Kati, upande wa Bahari ya Aral, akipita ziwa moja la chumvi baada ya jingine na kulinganisha wanyama na ukali wa maji yao. Katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1894 kuhusu tofauti za viumbe, alikubali kwamba umbo la mkia hubadilika kadiri chumvi inavyobadilika, lakini akakataa kwamba mnyama amekuwa spishi nyingine, sembuse jenasi nyingine. Schmankewitsch alikuwa ameona sawa na kufasiri vibaya, na hilo ni jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake. Hata hivyo ugomvi huo uliwafundisha wataalamu kitu cha kudumu, yaani kwamba mwili wa Artemia hufuata maji yake kwa karibu mno, na kwamba hakuna kipimo cha umbo kitakachofaa kutenganisha spishi zake bila kujua alikokulia.

Suala la madume lilipata jibu lake kutoka Munich. Carl Theodor von Siebold, ambaye mwaka 1856 alikuwa amethibitisha kuwapo kwa parthenojenesi, yaani uzazi wa jike peke yake bila mbegu ya dume, kwa nyuki na nondo, aligeukia gegereka katika kitabu chake cha mwaka 1871, akaonyesha kwamba vizazi vya Artemia huendelea kwa majike matupu. Joly na Schlosser, basi, wote walikuwa wamesema kweli: kuna jamii za Artemia zenye madume na majike, kama zile za Amerika, na kuna nyingine za Ulaya na Asia zilizo za majike pekee. Mwitaliano Cesare Artom, aliyeanza kazi na Artemia wa Cagliari mwanzoni mwa karne ya 20, aliongeza kwamba baadhi ya jamii za majike zina seli zenye kromosomu maradufu ya kawaida.

Swali lililobaki lilihusu uamuzi: ni nini humfanya mama aache kuzaa watoto wa haraka na kuanza kutaga mayai ya kulala? August Weismann, katika uchunguzi wake mrefu wa viroboto-maji uliochapishwa kati ya mwaka 1876 na 1879, alishikilia kwamba mzunguko huo ni wa kurithi, kwamba baada ya idadi fulani ya vizazi vya majike lazima madume yatokee, hata kama bwawa liko shwari. Hoja hiyo ilivunjwa kwa uvumilivu tu. Arthur Banta, katika kituo cha Cold Spring Harbor karibu na New York, alifuga viroboto-maji kwa mamia ya vizazi mfululizo katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 bila madume kuhitajika, kisha akaonyesha kwamba kuwasonganisha majike wa jenasi ya Moina katika maji machache kulitosha kuyaleta madume. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani wakaongeza kwamba Daphnia huhitaji ishara mbili kwa pamoja, ufupi wa mchana na msongamano, na mwaka 1995 Mpoland Mirosław Ślusarczyk akaonyesha kwamba hata harufu ya samaki walao viroboto-maji humsukuma mama kutengeneza efipio. Mama husoma mazingira, na yai hubeba hukumu yake.

Katika Artemia hukumu hiyo inaonekana wazi zaidi kwa sababu jike mmoja anaweza kubadili njia kati ya uzao mmoja na mwingine. Maji yakiwa mazuri, viinitete hukua ndani ya mfuko wake hadi wanatoka watoto wanaoogelea, ambao huitwa nauplio, wenye jicho moja na urefu wa chini ya nusu milimita. Chumvi ikizidi, hewa ikipungua majini au chakula kikibadilika, viinitete husimama vikiwa na takriban seli 4,000, na tezi za kahawia za mama huvifunika kwa ganda gumu ambalo rangi yake hutokana na mabaki ya hemoglobini. Usingizi huo una ngazi mbili ambazo ni muhimu kuzitofautisha. Ngazi ya kwanza, diapozi, hutoka ndani, kwa kuwa yai halitaangua hata likiwekwa katika maji bora kabisa mpaka kizuizi chake kivunjwe na baridi, ukavu au dawa fulani. Ngazi ya pili ni utulivu wa kawaida, ambapo yai liko tayari na linangoja tu maji, hewa na joto. Wafugaji wengi waliolaumu sisti mbovu walikuwa na sisti nzima ambazo hazijatolewa katika ngazi ya kwanza.

Kama kinachongoja huko ndani kiko hai au kimekufa ni swali lililotangulia gegereka. Antoni van Leeuwenhoek aliliibua mwaka 1702 alipowafufua kwa maji viumbe wengine wadogo, rotifa, kutoka katika vumbi la mfereji wa paa huko Delft, na mwaka 1860 mjini Paris kamati ya Chama cha Biolojia, ambayo ripoti yake iliandikwa na Paul Broca, ilikaa kuamua kama ukavu kamili unaruhusu kurudi kwa uhai. David Keilin wa Cambridge alipoipitia historia hiyo yote katika mhadhara aliouchapisha mwaka 1959, alipendekeza hali hiyo iitwe kriptobiosi, uhai uliofichika, ambamo dalili zote za uhai hazipimiki ilhali uwezo wa kuishi upo. Artemia akawa kielelezo kinachopendwa cha hali hiyo, kwa sababu sisti zake hupatikana kwa kilo. James Clegg, Mmarekani aliyewatumikia wanyama hawa kwa zaidi ya miaka 40, alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba sehemu kubwa ya uzito mkavu wa kiinitete, karibu asilimia 15, ni trehalosi, sukari ambayo hushika nafasi ya maji kuzunguka utando wa seli na protini maji yanapoondoka. Na mwaka 1997 aliripoti kwamba sisti zilizolowa kabisa lakini zikanyimwa oksijeni ziliendelea kuwa na uwezo wa kuangua baada ya miaka 4. Hilo la pili ndilo la kustaajabisha zaidi, maana seli iliyojaa maji na yenye joto la kawaida ingetarajiwa kuoza, ila protini maalumu zilizolimbikizwa na kiinitete huzishika nyingine zisiharibike. Jambo jingine lililobainika ni kwamba kati ya kuamka na kutoka ndani ya ganda, hakuna seli hata moja inayogawanyika: mnyama hujijenga kwa seli zilezile alizolala nazo.

Ustahimilivu huo ulipimwa pande zote. Huko Khartoum, ambako Julian Rzóska alikuwa amechapisha mwaka 1961 uchunguzi wake wa madimbwi ya mvua yanayojaa na kukauka ndani ya wiki chache, D. B. Carlisle aliripoti mwaka 1968 kwamba mayai makavu ya Triops, gegereka mwenye ngao mgongoni, hayafi ila kwa joto la kuchemka, na hilo linaeleweka kwa kiumbe ambaye mayai yake hukaa miezi juu ya udongo wa Sudani unaounguzwa na jua. Mwaka 1972 sisti za Artemia zilikwenda hadi mwezini na kurudi ndani ya vyombo vya Apollo 16 na Apollo 17, zikiwa zimepangwa safu moja moja kati ya karatasi zinazoandika njia za mionzi, ili ijulikane ni sisti ipi iliyopigwa na chembe nzito ya angani. Zilizopigwa ziliangua kwa shida au zikatoa nauplio wenye kasoro.

Biashara nayo ilikuwa imeanza bila kungoja nadharia. Mwaka 1933 Alvin Seale wa akwariamu ya Steinhart mjini San Francisco alieleza kwamba nauplio wa Artemia ni chakula kizuri cha samaki wachanga, na mwaka 1939 Gunnar Rollefsen wa Norwei akaonyesha kwamba wanawafaa vifaranga wa samaki wa bahari, ambao hapo awali walikufa kwa njaa wakiwa wamezungukwa na vyakula wasivyoweza kumeza. Sababu ya mafanikio hayo ni rahisi: mfugaji hana haja ya kutunza chakula hai mwaka mzima, kwa kuwa sisti kavu hukaa ndani ya kopo, na zikitiwa katika maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 hadi 28, mwanga na hewa ya kutosha, nauplio huwa tayari baada ya saa 24 hivi. Kuanzia miaka ya 1950 sisti zilivunwa San Francisco na katika Ziwa Kuu la Chumvi la Utah, ambako huelea kwa mistari mirefu ya kahawia inayoonekana kutoka angani. Harold von Braunhut naye akaanza mwaka 1960 kuwauzia watoto wa Marekani wanyama haohao kama viumbe wa papo hapo, jina lao la kibiashara likawa Sea-Monkeys, na picha za matangazo hazikufanana nao hata kidogo.

Ufugaji wa kamba na samaki ulipopanuka katika miaka ya 1970, sisti ziliadimika na bei ikapanda. Patrick Sorgeloos wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, alidai kwamba upungufu huo haukuwa wa asili bali wa ugavi, kwa kuwa Artemia angeweza kupandikizwa katika majaruba ya chumvi ya nchi za joto, na mwaka 1978 kikaanzishwa huko Ghent kituo cha marejeo cha Artemia kilichokusanya sisti za pande zote za dunia. Upandikizaji ulifanywa Macau, kaskazini-mashariki mwa Brazili, mwaka 1977, kisha katika delta ya Mekong nchini Vietnam katika miaka ya 1980, ambako wakulima wa chumvi wa Vinh Chau waligeuza sisti kuwa zao la pili la msimu wa kiangazi. Katikati ya muongo huohuo Artemia wa Marekani waliwekwa pia katika majaruba ya pwani ya Kenya, kaskazini mwa Malindi, na wakashika; watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya na vikundi vya wananchi wa Kilifi wamejaribu baadaye kuwageuza kuwa pato, kwa kuwa vituo vya kutotolesha kamba katika ukanda huu vimekuwa vikitegemea makopo ya kuagiza.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama ambayo haikupimwa mapema. Dunia ilikuwa ikitumia zaidi ya tani 2,000 za sisti kavu kwa mwaka kufikia miaka ya 1990, nyingi zikitoka Utah, na mavuno ya Utah yalipoyumba mwishoni mwa muongo huo vituo vya kutotolesha vya Asia vilitikisika. Zaidi ya hapo, spishi ya Kimarekani, Artemia franciscana, iliyosafirishwa kila mahali, imeondoa jamii za wenyeji katika majaruba mengi ya Ureno, Hispania na Ufaransa, pengine hata yale ambayo Joly aliyachunguza, kwa sababu huzaa haraka kuliko wao.

Sura ya karibuni zaidi ya historia hii imerudi chini ya maji, kwenye matope yasiyokauka. Mayai ya kulala yanayozama ziwani hufunikwa mwaka baada ya mwaka na tope jipya, na tabaka za tope zinaweza kupewa umri kwa kupima kuoza kwa chembe zenye mionzi. Nelson Hairston na wenzake walipochukua nguzo za tope kutoka bwawa la Bullhead, jimbo la Rhode Island, waliripoti mwaka 1995 kwamba mayai ya kopepodi wa huko yaliweza kuangua hata yakiwa na umri wa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1999 kundi lake lilitumia mayai ya Daphnia wa Ziwa Constance, mpakani mwa Ujerumani, Uswisi na Austria, kulinganisha wanyama wa kabla ya ziwa kuchafuliwa na mbolea na wale wa baada yake, na kukuta kwamba waliozaliwa kutoka matabaka ya baadaye walistahimili vizuri zaidi mwani wenye sumu. Mageuko yalikuwa yamekamilika ndani ya miongo michache. Mwaka 2007 watafiti wa Ubelgiji wakawakutanisha Daphnia wa tabaka moja na vimelea vya tabaka lililotangulia, la wakati huohuo na lililofuata, na mwaka 2014 mayai yenye takriban miaka 700 yaliyochimbuliwa katika ziwa moja la Minnesota yakaripotiwa kuangua.

Njia hiyo ina mpaka ambao waandishi wake wenyewe huukiri. Kadiri tope linavyozidi kina ndivyo mayai yanayoangua yanavyopungua, na yale yanayofaulu huenda si mfano wa haki wa jamii ya zama zake bali ni wale tu waliojaliwa ganda gumu na akiba ya kutosha. Isitoshe, minyoo na mikondo ya maji huchanganya matabaka. Kwa ajili hiyo wachunguzi wa sasa husoma pia chembe za urithi za mayai yaliyokufa, ambayo ni mengi mno kuliko yaliyo hai, na kuyalinganisha na wachache wanaoogelea ndani ya vyombo vyao.